Neno Nililolivaa Kifuani

Siku mliponiaga nikistaafu, mmoja wenu wa zamu ya mchana aliniomba niandike uzoefu wangu ili usipotee. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani Makandana, nikakaa mezani, na nikagundua kwamba uzoefu wenyewe ukiuchuja vizuri unabaki kidogo sana. Vyeo sitavitaja, vilichelewa kuja, na vilipokuja sikuvijulia matumizi. Mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyo hiyo mnayoilalamikia kila mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni neno moja la Kiingereza ambalo nililivaa kifuani tangu ujana wangu hadi juzi, likiwa limechapwa kwenye beji ya plastiki: "Nurse". Nililivaa muda mrefu nikidhani nalifahamu, na nataka niwaambie lilivyonifundisha adabu.

Baba yangu aliuza vitambaa sokoni Tukuyu. Nilipomwambia kwamba nimechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, alikunja upya kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. Kisha akauliza kama kwenye udereva nafasi zilikuwa zimeisha. Kwake yeye nesi alikuwa mwanamke mwenye kofia nyeupe, na mimi nilikuwa kijana wa kiume ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zilikuwa zinajitafuta. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba hiyo ni taaluma, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na niliamini Kiingereza kinamaliza mjadala wowote. Baba akamgeukia mama amwambie nimesema nini. Mama akasema nimesema nina njaa.

Chuoni tulifundishwa Kiingereza na mama mmoja mkali aliyetembea na kamusi nene iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Somo la kwanza alituambia tulitafute neno la kazi yetu, tujue linatoka wapi kabla ya kulivaa. Nikanyoosha mkono nisome mimi. Nilitarajia kukuta heshima, elimu, huruma, mambo ya namna hiyo. Nikasoma kwa sauti ya kuhutubia kwamba neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, na kwamba mzizi wake ni kulisha. Nikaendelea kusoma kwamba mtu wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa mwanamke aliyepewa mtoto wa mwingine amnyonyeshe. Habari ya kutunza wagonjwa iliongezwa baadaye sana. Sauti yangu ilianza kushuka katikati ya sentensi, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Darasa lilijaa wasichana, wavulana tulikuwa wa kuokoteza, na mpaka namaliza chuo niliitwa Mama Mnyonyeshaji.

Mwalimu hakucheka. Alisema neno ni kama nyumba ya kupanga: unaingia ukidhani ni yako, kumbe mpangaji wa kwanza ameacha masanduku yake uvunguni. Hilo nililiandika kwa heshima na sikulielewa. Nilijipoza kwa kusema Kiswahili kimenitendea haki zaidi kwa kuniita muuguzi, mpaka mwenzangu mmoja aliponikumbusha kwamba kuugua ni kuumwa, na kwamba mtu asiyejua angedhani muuguzi ndiye anayewafanya watu waugue. Wagonjwa niliowachoma sindano mwaka wangu wa kwanza wangekubaliana naye.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati iliyopakana na mashamba ya chai. Nilishuka garini na sanduku langu, nikaona kibao cha mbao kilichoandikwa "Nursery" na mshale. Kijana msomi hahitaji kuuliza njia wakati kibao kipo. Nilifuata mshale mpaka nikawakuta akina mama wamejifunga makoti ya mvua, wanamwagilia kitalu cha miche ya chai chini ya paa la majani makavu. Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye nesi mpya. Wakafurahi, wakanipa keni ya maji. Msimamizi wao alinieleza kwamba mche hauna haraka. Unafunikwa, unanyweshwa kidogo kidogo, na jua unaonjeshwa polepole mpaka ulizoee. Niliona haya kusema nimepotea, kwa hiyo nilimwagilia mstari mzima huku tai yangu ikichovya kwenye matope. Zahanati walikuwa wananisubiri na foleni ya wagonjwa tangu asubuhi. Mgonjwa wangu wa kwanza kazini, basi, alikuwa mche wa chai, na sina habari zake hadi leo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa hospitali, wodi ya wazazi, chini ya Sista Tusekile. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, wa Lufingo, aliyeongea polepole na ambaye hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Alipenda kutusimulia enzi za sindano za kioo, walipozichemsha kwenye sufuria juu ya mkaa, na aliyevunja moja aliomboleza kama amefiwa. Sista alinifundisha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ya mbao, sikio upande mmoja na tumbo la mama upande wa pili, bila kushika pembe kwa mkono. Siku ya kwanza nilisikia mapigo ya nguvu nikatangaza mtoto yuko salama. Sista akaniambia kwamba nimejisikiliza mwenyewe, na kwamba mama yule alikuwa ameshajifungua jana.

Alinipa pia kazi ya kuosha mabeseni kwa muda ambao niliuona mrefu mno. Mganga mmoja tuliyefanya naye kazi, mpenzi wa riwaya, ndiye aliyeniambia kwamba kwa Kiingereza mtu anaweza kuuguza hata kinyongo, akakilea na kukilisha mpaka kinenepe. Nikakiri kwamba changu kwa Sista kilikuwa na afya nzuri. Akasema pia wanasema hivyo kwa mtu anayekaa na bia moja jioni nzima, anaionja tu ili isiishe. Mimi ni Mwislamu, na jioni zile tulizokwenda mjini niliuguza soda. Kwa hiyo neno langu lilishanyonyesha watoto, kulea chai, kunenepesha vinyongo na kubembeleza bia, na mimi bado niliamini maana yake halisi ni mtu mwenye beji.

Hapo ndipo alipoletwa Atupele.

Alitoka Kisondela msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa. Mimba ilikuwa bado changa mno kwa kuzaa. Alifanyiwa upasuaji, akapatikana mtoto wa kiume, njiti, mdogo kiasi kwamba alienea kwenye viganja vyangu na nafasi ikabaki. Mama mtu akapandwa na homa kali, asiweze hata kukaa kitandani. Mashine ya kupashia watoto joto ilikuwa na wenyewe tayari, na umeme wa siku zile ulikuwa kama mgeni, unapita kusalimia. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefundishwa njia ya kangaruu: mtoto anawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, anafungwa kitenge, na joto la mtu ndilo linalomlea. Lakini njia hiyo inahitaji mtu. Mume wa Atupele, Lugano, alikuwa machimboni Chunya na simu yake haikupatikana. Mama mzazi wa Atupele alishafariki. Mama mkwe miguu ilimvimba, hakuweza kusafiri. Jirani aliyemsindikiza alikuwa ameacha mtoto anayenyonya nyumbani, akalazimika kurudi.

Mtoto alikuwa anapoa. Sista alimshika nyayo, akanitazama, akaniambia nivue shati. Nilianza kueleza kwamba mimi ni mwanamume.

"Una kifua," alisema. "Vua."

Kwa hiyo mchana ule niligawa dawa wodini nikiwa na mtoto ndani ya koti, kichwa chake kama ndimu chini ya kidevu changu. Kina mama walicheka mpaka wakashika mishono yao. Mmoja aliniuliza kwa upole kama uchungu ulinisumbua sana. Mimi nami nilicheka, mpaka mtoto alipopata joto, akageuza shavu, akafungua mdomo na kuanza kutafuta. Alitafuta kwa bidii na kwa imani kubwa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ile kamusi ilinirudia neno kwa neno. Sijawahi kujiona bure kama pale. Nilimpenda mtoto yule papo hapo, na nikaogopa sana kwamba atanifia kifuani.

Maziwa tuliyapata. Atupele, pamoja na homa yake, alisaidiwa kukamua kidogo kidogo kwenye kikombe, na tukamlisha mtoto kwa mpira mwembamba. Tatizo lilibaki joto. Mimi nilikuwa na wodi nzima ya kuhudumia, na kina mama wengine walikuwa na watoto wao vifuani. Ndipo mama mmoja wa kitanda cha pili aliponiambia kwamba Atupele hakuja na yule jirani peke yake. Kule jikoni kulikuwa na mzee aliyemfuata nyuma kwa bodaboda nyingine, baba mkwe wake, Mzee Ambokile, na hakuwa ameondoka tangu siku ya kwanza.

Ninyi mnaotoka mbali niwaeleze. Kwa Wanyakyusa wa kufuata mila, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Nimezaliwa Tukuyu, kwetu tulikuwa na desturi nyingine, lakini tangu utotoni niliwaona wanawake wakiacha njia na kujitosa migombani na mizigo yao kumpisha baba mkwe anayekuja kwa mbali. Hawasemezani, hawakai chumba kimoja, na jina lake mwanamke halitaji maisha yake yote. Hiyo ni heshima, na huwa nzito zaidi kwa anayeipenda familia aliyoolewa. Ndiyo maana mzee yule alikuja na bodaboda yake, akakaa jikoni na wanawake wasio wake, akisubiri habari kupitia midomo ya watu.

Yote hayo niliyajua. Na bado nikapata wazo ambalo niliona limetoka kwa Mungu. Nilimvika mzee koti jeupe. Hoja yangu ilikuwa kwamba akishavaa koti anakuwa mtumishi wa hospitali, na mtumishi hana ukwe. Mzee alisita. Nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba mjukuu wake anapoa, nikamshika mkono na kumwingiza wodini. Atupele alifungua macho, akaona koti, akaona aliyelivaa. Mwanamke ambaye asubuhi hakuweza kukaa alishuka kitandani, mshono mbichi, dripu ikang'oka, akaingia uvunguni. Mzee naye aligeuka kwa kasi akagonga toroli la dawa, akatoka mbio. Nikabaki katikati ya wodi na mtoto kifuani, damu ya dripu sakafuni, na koti jeupe limeanguka mlangoni.

Sista Tusekile hakunigombeza. Alipiga magoti, akaongea Kinyakyusa na uvungu mpaka Atupele akakubali kutoka, akamrudishia dripu, akakagua mshono. Kisha akanipeleka kwenye stoo ya mashuka. Stoo ile ilipakana na wodi, na kati yake kulikuwa na kidirisha cha kupitishia mashuka, karibu kabisa na kitanda cha mwisho. Akaning'iniza pazia kwenye kidirisha, akaweka kiti stoo, akamhamishia Atupele kitanda kile. Mzee angeingia kwa mlango wa nyuma. Atupele alipoulizwa, alisema anakubali ilimradi wasionane.

Mzee ndiye aliyekataa. Aliangalia kitenge kilichomfunga mtoto, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hiki ni chake. Nguo ya mke wa Lugano siwezi kujifunga, hata mjukuu akiwa ndani."

Nilikwenda sokoni kwa baba yangu. Alikuwa amezeeka, lakini bado alikaa na mkasi wake. Nikamwambia nahitaji kitambaa cha kumfungia babu mtoto kifuani. Aliniangalia kwa muda, nadhani akikumbuka udereva, kisha akakata pande la pamba nzito bila kupima, akanisukumia.

Basi kazi ikaanza, na niwaambie wazi, kazi yangu ilikuwa ya utarishi. Upande mmoja wa ukuta mama anakamua maziwa, upande wa pili babu kavua shati, amekaa wima stoo katikati ya mashuka, mtoto kifuani, hataki hata kuegemea. Mimi nabeba kikombe kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Nabeba na maneno. Atupele alikuwa akiniuliza kama wa huko amekula. Mzee alikuwa akinituma nimwambie mama wa mtoto asilie, maana joto lipo. Atupele akisikia kikohozi, ananituma na blanketi, na kusisitiza nisiseme limetoka kwake. Mzee akipokea husema, "Ndaga," yaani asante, akielekea pazia, kisha ananigeukia kana kwamba ameniambia mimi. Zamu yangu ikiisha, tarishi alikuwa Sista.

Siku moja ya mvua, mchana, nikiwa upande wa wodi, ukuta uligongwa kwa kiganja. Mzee hakuwahi kugonga. Nilikimbia kuzunguka, nikamkuta amemfungua mtoto, amemlaza magotini, uso wa mtoto umebadilika rangi. Alikuwa ameacha kuhema, kama njiti wanavyofanya, wanasahau tu. Nilianza kumsugua mgongo na nyayo. Mikono yangu ilikuwa na baridi ya mvua, na kila nilichosoma kilikuwa kimenitoka.

Pazia likasogea kwa chini. Mkono wa Atupele ukaingia, bado na plasta ya dripu, ukapapasa hewani unatafuta. Mzee aliuona. Aligeuza uso wake kabisa, paji likagusa ukuta, lakini magoti hakuyaondoa. Aliyasogeza karibu na kidirisha mpaka ule mkono ukaufikia mguu wa mtoto. Atupele akaushika, akausugua kwa kidole gumba. Nami nikaendelea kusugua mgongo. Sijui nani kati yetu alimwamsha. Mtoto alistuka, akavuta hewa, akalia kile kilio chao chembamba, na mkono ukarudi nyuma ya pazia.

Mzee alikaa na uso ukutani kwa muda mrefu. Machozi yalimteremka na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa imeshamrudisha mtoto kifuani. Mimi nilijifanya napanga mashuka. Niliyapanga vibaya, na Sista aliyapanga upya baadaye bila kunisema, kitu ambacho hakijatokea tena.

Homa ya Atupele ilishuka. Mtoto alianza kunyonya mwenyewe, akaongezeka, akapata mashavu. Lugano alifika kutoka Chunya, amekonda kwa wasiwasi, akamkuta baba yake stoo na mkewe wodini na mwanawe anavuka ukuta mikononi mwangu. Alinishukuru mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa na beji. Nilimwambia akawashukuru wengine, na nilisema hivyo bila unyenyekevu wowote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku ya kutoka nilikaa kando ya kitanda cha mwisho kuandika kadi ya kliniki ya mtoto. Mzee alikuwa bado upande wa pili, akisubiri Atupele atangulie ili naye atoke kwa mlango wa nyuma. Lugano alikuwa nje anatafuta usafiri. Nilimuuliza Atupele jina la mtoto. Aliangalia pazia, akainamisha kichwa.

"Andika la huyo wa huko, kaka."

Nikamuuliza kama anamaanisha Ambokile. Aliziba masikio kwa ncha za kitenge, akaitikia kwa kichwa.

"Wewe mwenyewe hutaweza kumwita," nilisema. "Maisha yako yote."

"Wengine watamwita. Mimi nitamfuata alipo."

Niliweka kalamu chini nikasubiri kutumwa, kama nilivyozoea. Mzee hakunituma, wala Atupele hakunituma. Nikaandika jina.

Nilimwona tena Atupele sokoni Tukuyu, miaka kadhaa baadaye, siku ya gulio, ananunua viatu vya shule. Mtoto alikuwa amemponyoka, amesimama mbali kwa wauza redio. Kila mama pale alikuwa anaita wake kwa sauti, majina yanagongana hewani. Angeweza kumwita "Tata", yaani baba, kama wengine wa hali yake, lakini nusu ya wanaume wa soko wangegeuka. Aliweka viatu chini, akapita katikati ya ndizi na maparachichi ya watu, akiomba radhi kushoto na kulia, mpaka akamfikia, akamshika bega.